Tomcat Iliyobaki Nje ya Pwani Yetu

Nakusanya modeli za ndege za kivita zinazoruka kutoka kwenye manowari, zile za aloi ya zinki zinazokuja zikiwa zimeshapakwa rangi, kwa kipimo cha 1:72, yaani ndege halisi ikipunguzwa mara 72. Wanaonitembelea Mombasa na kulikuta kabati langu huuliza bei kwanza. Wanaozijua kidogo huuliza kiwanda: hii ni Hobby Master, au Century Wings, au Calibre Wings? Mimi nikiitazama modeli yoyote huanzia kwingine. Ndege halisi yenye namba hii mkiani ilikuwa wapi, na ilimbeba nani? Karibu yote niliyojifunza katika shughuli hii yametokana na kulisumbukia swali hilo kabla ya kutoa pesa.

Ninayoithamini kuliko zote ni F-14A Tomcat ya kikosi cha VF-2, Bounty Hunters, ya wakati kikosi hicho kilipokuwa kwenye USS Enterprise. Puani ina mistari ya mshazari ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Huo huitwa mstari wa Langley, kwa kumbukumbu ya USS Langley, manowari ya kwanza ya Marekani kubeba ndege. Mkiani kuna herufi NK, alama ya kundi la ndege lililokuwa kwenye Enterprise wakati huo. Nimeipenda kwa sababu ya mwezi mmoja tu katika maisha yake, Februari 1977.

Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala. Rais Jimmy Carter alilaani hadharani yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na Idi Amin akajibu kwa kuwazuia Wamarekani waliokuwa nchini humo wasitoke, tena akawaita waje wakutane naye. Enterprise ilikuwa ndiyo kwanza imeng'oa nanga kutoka Mombasa. Ilikuwa imeshakaa baharini miezi saba na watu wake walikuwa wakihesabu siku za kufika nyumbani. Ikaamriwa ibaki. Kwa takriban wiki moja manowari hiyo ilizunguka nje ya pwani ya Afrika Mashariki, wanamaji na marubani wake wakijiandaa kwenda kuwatoa watu wao Uganda kama ingelazimu. Amin akalegeza kamba, Wamarekani wakaambiwa wako huru, Enterprise ikashika njia yake. Haikufyatuliwa hata risasi moja.

Kwa mkusanyaji wa Ulaya au Marekani, wiki hiyo ni sentensi moja katika historia ndefu ya meli iliyoanza kazi mwaka 1961. Kwangu mimi ni wiki ambayo ndege hizi zilikuwa hapa, upepo wa kaskazi ukivuma, juu ya maji yaleyale ninayoyaona nikivuka kivuko cha Likoni. Marehemu mjomba wangu alikuwa akiuza vinyago Kilindini Road, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Nilimuuliza siku moja, "Mjomba, mabaharia wa zile manowari unawakumbuka?" Akaacha kula. "Mwanangu, wakishuka wao mji mzima hulala saa nane. Wananunua twiga, wananunua tembo, kisha asubuhi moja unaamka hawapo." Ndege hakuziona hata moja na hakuwa na haja nazo. Lakini maneno yake yalinionyesha kwamba manowari ile kubwa ya kwenye picha iliwahi kuwa sehemu ya biashara ya barabara ninayopita kila siku. Tangu hapo sikutaka tena Tomcat yoyote ile. Nilitaka hiyo.

Kuipata hakukuwa rahisi, na ugumu wenyewe ndio ulionifundisha kusoma ndege. Tomcat za VF-2 sokoni ni nyingi, kwa kuwa kikosi hicho kilirusha ndege hiyo kuanzia 1973 hadi 2003. Muuzaji akiandika "VF-2, mstari wa Langley", hajakwambia lolote kuhusu mwaka. Basi nikawa natazama rangi kwanza. Katikati ya miaka ya 1970 Tomcat zilikuwa na mng'ao, kijivu cheupe juu na nyeupe tumboni, alama za kikosi zikiwa kubwa na zenye rangi kali. Miaka ya 1980 zikageuzwa kijivu kilichofifia ili zisionekane kwa mbali, na alama nyingi zikafifishwa pamoja nazo. Kisha natazama chini ya pua. Tomcat za miaka ya baadaye zina mtungi mnene wenye kioo mbele, ambao ndani yake mna kamera ya televisheni ya kumtambua adui akiwa mbali. Kamera hiyo ilianza kufungwa kikosini miaka ya 1980. Ukiiona kwenye modeli inayodaiwa kuwa ya 1977, kiwanda kimetumia kalibu ya ndege nyingine. Mwisho nasoma jina la meli lililoandikwa ubavuni, kwa kikuza-herufi ikibidi. Wapo watakaosema huku ni kujitesa kwa mambo madogo. Lakini ukiyaacha hayo, unachobaki nacho ni kipande cha zinki chenye mabawa.

Maana zinki ndiyo yenyewe. Aloi yake huyeyuka kwenye nyuzi zisizofika 400 za Selsiasi, husukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa na kutoka mwili wa ndege. Sehemu nyembamba, kama makombora, antena na milango ya magurudumu, huwa za plastiki. Maandishi yale madogo kabisa hupigwa kwa pedi laini ya silikoni: pedi hugusa bati lililochongwa na kutiwa wino, ikachukua maandishi, kisha ikayabandika juu ya ndege hata mahali palipopinda. Kila rangi hupigwa peke yake. Mstari wa Langley wa rangi tatu ukikaa sawasawa, bila rangi moja kuingilia jirani yake, ujue fundi aliyesimamia kazi hiyo alikuwa makini. Mimi hapo ndipo ninapopimia ubora, kabla ya kitu kingine chochote.

Nikiitoa kabatini huanza na mguu wa mbele. Una magurudumu mawili pacha, na mbele yake kuna kipande kidogo kilichochomoza kama ulimi. Kwenye ndege halisi kipande hicho ndicho kinachonaswa na manati ya mvuke yaliyofichwa chini ya sitaha. Manati huivuta ndege, yenye mafuta na watu wawili ndani, kutoka kusimama hadi zaidi ya kilomita 250 kwa saa katika muda wa kama sekunde mbili. Nguvu yote hiyo hupita kwenye ulimi ule. Ukishaelewa hivyo, huwezi kushangaa kwa nini mguu wa mbele wa ndege ya manowari ni mnene hivi ukilinganisha na wa ndege ya nchi kavu. Na huku nyuma, katikati ya injini mbili, kuna kulabu ndefu yenye milia myeupe na myeusi. Rubani akirudi huishusha ili inase mmoja kati ya nyaya nne za chuma zilizotandazwa sitahani. Akigusa sitaha tu husukuma injini hadi mwisho, maana kulabu ikikosa waya zote, hana budi kupaa tena papo hapo.

Mabawa ndiyo yanayowavutia watoto. Tomcat halisi huyasogeza yenyewe ikiwa angani: nyuzi 20 ikienda polepole, mpaka nyuzi 68 ikienda kasi. Ikiwa imeegeshwa, huyarudisha hadi nyuzi 75, yakalala juu ya mkia, ili ndege nyingi zienee kwenye sitaha. Kwenye modeli nzuri mabawa mawili yameunganishwa kwa meno ndani ya mwili, ukisogeza moja na jingine linafuata. Mimi huyashika yote mawili karibu na shina na kuyasogeza kwa pamoja. Anayesukuma bawa moja kwa ncha atavunja meno hayo, na hayafunguki kutengenezwa. Mabawa yakiwa yamefunguka, modeli ina upana wa sentimita 27 hivi, na urefu wake ni kama 26 na nusu. Nilipiga hesabu ya Enterprise kwa kipimo hichohicho: mita 342 zinakuwa karibu mita nne na robo tatu. Haingeenea sebuleni kwetu. Hesabu hiyo ilinisaidia kuuona ukubwa wa kitu kilichowahi kusimama mbele ya mji huu kuliko picha zote nilizozitazama.

Naiweka ikiwa na mabawa yaliyolazwa nyuma, magurudumu chini, kifuniko cha kioo kimefunguliwa. Wenzangu wengi hupenda ndege iwe juu ya kigingi, imening'iniziwa makombora yote sita ya Phoenix. Sikubaliani nao. Kila Phoenix ilikuwa na uzito unaokaribia nusu tani, na Tomcat yenye sita haikuweza kurudi kutua sitahani bila kupita uzito unaoruhusiwa, hivyo mzigo huo haukuwa wa kawaida. Modeli huja na vipuri vingi ili kila mtu achague. Mimi nachagua ndege ilivyoishi siku nyingi zaidi, imeegeshwa pembeni mwa sitaha ikisubiri.

Jirani yake kabatini ni Tomcat nyingine, ya kikosi cha VF-41, Black Aces, yenye herufi AJ na namba 107. Tarehe 19 Agosti 1981, juu ya Ghuba ya Sidra, Tomcat mbili kutoka USS Nimitz zilishambuliwa na ndege mbili za kivita za Libya aina ya Su-22, nazo zikaziangusha zote mbili. Ndege hizo zilikuwa 102 na 107. Viwanda hupenda kuzitengeneza kwa sababu ya ushindi huo, na maelezo ya kwenye boksi huishia hapo. Mimi nilifuata namba ndogo iliyoandikwa nyuma ya ndege, 160390, ambayo ni kitambulisho chake cha kudumu hata ikihamishwa kikosi na kupakwa rangi mpya. Namba hiyo ilinipeleka hadi tarehe 25 Oktoba 1994.

Siku hiyo ndege hiyohiyo, sasa ikiwa ya kikosi cha VF-213, ilikuwa ikienda kutua kwenye USS Abraham Lincoln nje ya pwani ya San Diego. Rubani alikuwa Luteni Kara Hultgreen, mwanamke wa kwanza katika jeshi la majini la Marekani kufuzu kurusha ndege ya kivita ya manowari. Alikuwa na umri wa miaka 29. Akiwa anairekebisha ndege iliyokuwa imeyumba na kutoka kwenye mstari wa kutua, injini ya kushoto ilikwama. Injini za TF30 za Tomcat za mwanzo zilijulikana kwa kukata pumzi hewa inapoingia vibaya, na kwa kuwa injini mbili za Tomcat zimekaa mbalimbali, moja ikikata, nyingine huisukuma ndege upande. Ikalala kushoto. Mwenzake wa kiti cha nyuma alirushwa nje akaokoka. Kiti cha Hultgreen kilifuata chini ya nusu sekunde baadaye, lakini muda huo ulitosha ndege kupinduka, kikamtupa kuelekea majini.

Niliposoma hayo, niliiangalia 107 kwa jicho jingine kabisa. Nafasi kati ya injini zile, ambayo nilikuwa nikiisifu kwa uzuri wa umbo lake, ndiyo iliyochangia kifo cha mtu. Kwenye modeli unaweza kuweka kidole katikati yake. Tangu hapo kila ndege niliyonayo ina kikadi chake, nimekiandika kwa Kiswahili, na kwenye kadi ya 107 habari ya 1981 inachukua mistari miwili na ya 1994 inachukua iliyobaki. Binti wa jirani, anayesoma sekondari na anayetaka urubani, huja kuisoma na kuniuliza maswali ambayo hunilazimu kurudi kusoma upya. Juzi alitaka kujua kama injini zilibadilishwa. Zilibadilishwa: Tomcat za matoleo ya baadaye, F-14B na F-14D, zilipewa injini za F110, lakini F-14A nyingi ziliendelea na zile za zamani mpaka zilipostaafishwa.

Sasa niseme kuhusu hali ya hewa, maana maelekezo mengi ya utunzaji yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi kavu. Pwani tuna joto, chumvi na unyevu kwa pamoja, na modeli huathirika na vyote. Kabati langu lina milango ya kioo yenye ukanda wa mpira, liko ukuta usiopigwa na jua wala upepo wa baharini. Jua hugeuza nyeupe kuwa manjano, na Tomcat ya 1977 ina nyeupe nyingi. Ndani naweka vijifuko vya kunyonya unyevu, na wakati wa masika nahakikisha navibadilisha mapema. Vidonge vya naftalini ambavyo mama zetu huweka kwenye nguo sivitii kabisa, kwa sababu mvuke wake hulainisha plastiki. Wala siiachi ndege ndani ya boksi ikiwa imebanwa na karatasi yake ya nailoni mwaka mzima. Kwa joto letu nailoni hung'ang'ania rangi na kuacha alama. Maboksi nayahifadhi mbali, juu kabisa, ili yasiingie ukungu.

Vumbi nalitoa kwa brashi laini ya vipodozi, kutoka puani kwenda mkiani, nikizikwepa antena. Maji sitii, na spiriti hata tone moja sitii, kwa kuwa huyeyusha yale maandishi ya pedi. Kipande kikibanduka, gundi ya kukauka haraka nayo ni hatari karibu na kioo, mvuke wake hukitia ukungu mweupe usiotoka. Natumia gundi ya Araldite kidogo kwenye ncha ya kijiti, nasubiri mpaka kesho yake. Yupo muuzaji mmoja aliyewahi kunitumia ndege ikiwa imefungwa kwa karatasi nyembamba ya mapovu peke yake, ikafika mguu wa mbele umekatika. Niliurudisha kwa njia hiyo, na hadi leo umesimama. Siku hizi kabla ya kulipa namwomba muuzaji picha tatu: mguu wa mbele, ncha za mikia, na trei ya ndani ya boksi. Asiyetaka kupiga picha hizo simlipi.

Nyingi hunifikia kupitia binamu yangu aliyeko Dubai, ambaye hulifungua boksi la nje, hukagua, kisha hulifunga tena kwa nguo za watoto wake pembeni. Bei ya Tomcat nzuri ni zaidi ya dola 100 kabla ya usafiri na ushuru, na kwa mtu mwenye kipato cha kawaida hapa nyumbani hizo ni pesa za kufikiriwa. Ndiyo maana nakusanya polepole. Kuna wanaonishawishi ninunue mbilimbili, moja niweke na moja niuze bei ikipanda. Viwanda huweza kutoa toleo jipya la ndege ileile wakati wowote, na aliyeweka akiba ya maboksi akabaki nayo. Zaidi ya hapo, sioni raha ya kumiliki ndege ambayo sitaifungua.

Kuna jambo jingine linalonifanya nizitunze hizi kwa uangalifu. Marekani iliistaafisha Tomcat tarehe 22 Septemba 2006. Zilikuwa zimetengenezwa 712, na Iran ilikuwa imepokea 79 kabla ya mapinduzi ya 1979. Kwa hofu kwamba vipuri vingefika huko, Tomcat nyingi za Marekani zilizokuwa jangwani Arizona zilikatwakatwa mashineni. Chache zimebaki kwenye majumba ya makumbusho. 102, mwenzake na 107, ni mojawapo. Kwa ndege nyingi za mwaka 1977 hakuna tena kitu cha kwenda kukitazama.

Kwa sasa natafuta Phantom, yaani F-4, ndege nyingine ya kivita ya manowari. Julai 1976, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe na Amin kuitishia Kenya, USS Ranger nayo ilisogezwa mpaka mbele ya pwani yetu. Ilikuwa na F-4J za vikosi vya VF-21 na VF-154, zenye herufi NE mkiani. Phantom za VF-154 zimewahi kutengenezwa, lakini kila ninayoonyeshwa ni ya safari za Vietnam, na herufi NE pekee hazitoshi kunithibitishia mwaka. Binamu ameshapewa maelekezo. Akiipata, atatazama kwanza jina la meli ubavuni, halafu namba ndogo ya nyuma, na atanipigia kabla hajatoa senti.